Wifi Alivyomlaza Mtoto

Shoga, keti kwanza. Yule wifi yake dada hana haya hata chembe!

Kafika jioni, dada anamwandaa mwanawe kulala. Si unajua mtoto ana usonji, anataka giza, kimya na blanketi zito? Wifi akawasha taa. "Mnamdekeza! Mtoto huimbiwa." Akaimba huku anapiga makofi. MAKOFI, shoga!

Mtoto akaziba masikio, akapiga mayowe, akajigonga ukutani.

Dada akamtoa wifi chumbani, akazima taa, akamfunika mwanawe, akakaa naye kimya mpaka usingizi ukamchukua.

Kurudi sebuleni, anamkuta wifi anarekodi sauti ya kutuma kwa ukoo mzima: "Nimemlaza kwa wimbo mmoja tu!"

Dada akauchukua mkoba wa wifi, akauweka nje ya mlango.

"Ahsante, wifi. Nenda ukawalaze wa kwako."