Plasta kwenye Kona ya Skrini

Jumapili, mwanzoni mwa Agosti. Kihesa, Iringa.

Upepo wa leo umeamka na hasira. Tangu asubuhi unapigapiga mabati ya jirani, vumbi linaingia hadi kwenye kopo la sukari, na mimi nimevaa sweta mbili kama mzee wa kanisa. Nimetoka ibada ya kwanza, nimekunywa chai vikombe viwili, nimefagia chumba ambacho hakikuwa kichafu. Anayenifahamu angeshagundua kwamba nakwepa kitu.

Nakwepa simu. Nimemwahidi baba kwamba leo nitampigia, na sijui nitamwambia nini.

Jumatano alinipigia kutoka Rujewa. Hakuzunguka sana. Mnada wa ng'ombe uko Jumanne, akasema, nizipeleke au niziache? Kwetu sisi kundi halitoki zizini mpaka mtoto wa kwanza wa kiume aseme neno, maana humo ndani kuna mahari yake na kuna jina la ukoo. Mtoto wa kwanza ni mimi. Niko hapa Iringa mwaka wa sita, natengeneza kompyuta na kuchapa barua za watu kwenye duka la stesheneri karibu na chuo. Ng'ombe wa mwisho kumshika kwa mkono wangu sikumbuki alikuwa wa rangi gani. Nikamjibu baba nitampigia Jumapili.

Jumapili ndiyo hii.

Basi kwa kuwa bado sijapiga, niandike kwanza kuhusu gemu. Blogu hii niliianzisha kwa ajili hiyo, na wasomaji wangu, nadhani bado mko wanne, mmeshaanza kununa.

Tangu mwezi uliopita nimecheza tatu. Ya mpira niliifuta baada ya siku nne. Nilifungwa na kompyuta mabao sita, nikampigia kelele mwamuzi ambaye hayupo, mama mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama kuna ugomvi. Nilitoka nikiwa mdogo kama sisimizi. Nina miaka thelathini na miwili.

Ya malori niliipenda. Unaendesha tela refu kutoka mji wa baridi milimani hadi bandarini, na aliyechora ile barabara anajua mlima ni nini: injini inalalamika, unashusha gia, unasubiri. Lakini baada ya saa mbili nilihisi upweke mkubwa. Barabara nzima hakuna trafiki hata mmoja wa kukusimamisha. Hakuna anayekimbilia dirisha na kamba ya vitunguu kama pale Ruaha Mbuyuni. Unafika, mzigo unapotea wenyewe, hakuna wa kukuambia pole na safari. Nilifika bandarini mara tatu, nikazima.

Ya tatu ni ya shamba. Hii ndiyo iliyonipata.

Unaanza na kipande cha ardhi, trekta chakavu na ng'ombe wawili. Unalima, unavuna, unanunua mifugo, unauza, unapanuka. Laptop yangu nimeiunga kwa mabaki ya laptop tatu zilizokufa, na gemu hii ikiwaka feni inavuma kama mashine ya kukoboa mpunga. Sikujali. Kila nikitoka kazini nilikuwa nakimbilia shamba langu.

Nikanunua ng'ombe. Nikanunua wengine. Kila siku ya soko anakuja mnunuzi wa kizungu mwenye kofia, anauliza kama nina mnyama wa kuuza, na mimi nabonyeza hapana. Wakizaa, nafurahi. Wakizeeka, nawaacha wazeeke. Trekta langu lilikuwa linatoa moshi mweusi, paa la ghala limetoboka, lakini jioni ya gemu ilipofika na kundi likaanza kuingia bandani, nilikuwa naacha kila kitu nawatazama tu.

Atupele ninayefanya naye kazi dukani, binti wa Tukuyu mwenye mdomo usiopumzika, anacheza gemu hiyohiyo. Yeye ana matrekta manne na nyumba za vioo za kulimia nyanya. Siku aliyoona shamba langu alicheka hadi akashika meza.

"Masanja, wewe unacheza gemu au unakusanya mahari?"

Nilicheka na mimi. Niliona aibu kidogo, nakiri, lakini ya kujivunia. Wazazi wangu walishuka kutoka Shinyanga na mifugo yao kabla sijazaliwa, wakaja kutafuta majani bonde la Usangu, hapo Rujewa. Mtu hukuza kile alichokiona kwao.

Sasa nifike kwenye plasta.

Wiki tatu zilizopita baba alikuja hapa kutolewa mtoto wa jicho. Alifanyiwa jicho la kulia, likafunikwa kwa pamba na plasta, akakaa kwangu siku tano akisubiri kurudi kwa daktari. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Yeye kitandani, mimi kwenye godoro chini. Tulikosa cha kuongea. Siku ya pili nikafungua gemu ya shamba, nikageuza skrini ili aone kwa lile jicho moja.

Sitasahau alivyotazama. Alikaa wima pembeni ya kitanda, mikono juu ya magoti, kama yuko kwa wakwe. Matrekta hakuyauliza. Ng'ombe walipoanza kuingia bandani akasogea mbele.

"Ile nyekundu inachechemea," akasema.

Ilikuwa kasoro ya mchoro tu, mguu wa nyuma unaruka hatua. Nimecheza wiki nzima sikuwahi kuiona. Baba aliiona kwa dakika moja, na nusu ya macho.

Kisha akaona namba. Kwenye kona ya juu ya skrini gemu inaonyesha una ng'ombe wangapi. Akauliza ile namba ni ya nini. Nikamwambia ni idadi yao.

Akageuza uso kando. Wasiokuwa wafugaji wataona ni jambo dogo, lakini kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Humuulizi mtu ana wangapi, na mwenyewe hasemi. Baba husimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake, wanapita mbele yake, na akishafunga lango anajua ni nani hajarudi. Kutaja namba ni kuwaita wapungue. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na sasa nilikuwa nimemweka mbele ya kundi lenye namba inayowaka usoni kama bei ya sabuni.

"Funika," akasema.

Nikachukua kipande cha plasta kilichobaki kwenye mfuko wake wa hospitali, nikabandika kwenye kona. Akaridhika. Tukaendelea kuwatazama hadi chai ikapoa.

Baba alipoondoka sikuibandua. Ilinifanya nione kama bado amekaa pale kitandani.

Jana Jumamosi, mchana, wateja wamepungua, nilikuwa na laptop dukani. Kwenye gemu kiangazi kimeingia, mimi nasogeza siku mbele haraka haraka ili mahindi yakauke nivune. Atupele akapita nyuma yangu na sahani ya chipsi.

"Mbona ng'ombe wako wamelala wote?"

"Wanapumzika."

"Wanapumzika mchana kweupe, miguu juu?"

Akanyoosha kucha, akabandua plasta kabla sijamzuia. Chini ya ile namba kulikuwa na mstari wa chakula. Nilikuwa naujua, niliusoma siku ya kwanza kabisa. Mstari ulikuwa mwekundu na umeisha. Banda halikuwa na jani hata moja, na ile namba, ambayo mara ya mwisho kuiona ilikuwa sitini na kitu, ilisomeka saba.

Atupele akauliza kwa nini nimefunika sehemu ambayo ndiyo ya kuangalia. Nikafungua mdomo kumweleza habari za baba na zizi na namba, nikaufunga. Kwa mara ya kwanza yalisikika kichwani mwangu kama maneno ya mtu mjinga. Nikamwambia skrini ina ufa. Ndiyo, nimedanganya kwa ajili ya ng'ombe wa kwenye gemu.

Halafu sikuweza kufanya kazi. Nilichapa barua ya mwalimu mmoja mara mbili na zote nikakosea jina lake.

Kilichokuwa kinanizunguka kichwani ni zile siku tano. Baba nimjuaye mimi hawezi kumaliza chakula bila kutaja ng'ombe. Yule wa paji jeupe kafanya nini, yule dume kavunja uzio wa nani, nani kazaa. Ukimpa nafasi ataongea mpaka ugali ugande. Lakini siku tano alizokaa hapa hakutaja hata mmoja wa kwake. Niliona tu kwamba kuna utulivu, nikadhani ni jicho linauma.

Na Jumatano nilipokuwa nasikiliza swali lake, jibu lilikuwa tayari mdomoni: usiuze. Nilitaka kusema usiuze kwa sababu kichwani mwangu kundi ni lile la utotoni, linaloingia na vumbi mpaka huoni nyumba ya jirani. Nilitaka waendelee kuwapo kule ili mimi niendelee kuwa mtoto wa mtu mwenye ng'ombe huku nikitengeneza printa za watu Iringa. Kubonyeza hapana ni kazi ya kidole kimoja tu. Majani analeta mwingine.

Hapo ndipo nilipoona siwezi kumjibu kabla sijamuuliza. Na swali lenyewe ndilo lile ambalo kwetu haliulizwi.

Naogopa. Sijui naogopa kumkosea adabu au naogopa kusikia.

Ngoja nipige.

*

Saa kumi na moja jioni. Nimempigia.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, ukutani, ambako upepo haufiki. Nilimsalimia kikwetu, mwadila baba, akaitikia. Tukaulizana jicho, tukaulizana baridi, tukaulizana mama.

"Baba, nisamehe kwa nitakachouliza. Zimebaki ngapi?"

Nilisikia kuku. Nilisikia redio ya mtu kwa mbali, na pikipiki ikipita na kuisha. Nilianza kufikiri amekata.

"Kumi na moja," akasema baba.

Sijawahi kumsikia akitaja namba ya ng'ombe wake maishani mwangu. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi na suruali yangu ya kanisani.

Akaanza kunieleza polepole. Malisho yamebanwa kila upande na mashamba ya mpunga, kiangazi kilichopita na cha kabla yake majani hayakuwapo, wengine aliwauza kwa ajili ya chakula na dawa, wengine walilala bondeni hawakuamka. Mama anajua. Majirani wanajua. Mimi tu ndiye sikujua. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, na sauti yangu ilitoka vibaya, kama namlaumu.

"Ungeniuliza ningekwambia," akasema. "Lakini na mimi baba yangu nisingemuuliza. Kwa hiyo sina lawama, ng'wanawane."

Ng'wanawane, mwanangu. Hajaniita hivyo tangu nimalize sekondari.

Nikamwambia asiende mnadani peke yake. Kesho napanda basi la asubuhi, Jumanne tunawaswaga mimi na yeye, tunauza. Nikamsikia anavuta pumzi ya mtu aliyetua mzigo, au labda nataka iwe hivyo.

"Ile ya paji jeupe ibaki," akasema. "Zizi lisilale tupu."

Ibaki, nikasema. Hilo ndilo neno la mtoto wa kwanza wa kiume. Nimelitafuta tangu Jumatano, na mwisho alinipa yeye mwenyewe.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa naaga.

"Na zile zako," akauliza, "za kwenye kompyuta. Zimebaki ngapi?"

"Saba, baba. Nyingine zimekufa njaa. Nilifunika mahali pa kuangalia."

Nilisubiri acheke. Mtu yeyote angecheka.

"Aa. Pole sana," akasema, kwa ile sauti ya msibani, taratibu, na anamaanisha.

Yeye amebakiwa na kumi na moja, na mimi nilikuwa nimeuliza, nimelaumu, nimepanga safari, na neno hilo moja sikuwa nimempa.

"Pole na wewe, baba." Nililia kidogo. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanua nguo, akajifanya hakuona, Mungu ambariki.

Kabla hajakata akauliza kama ile nyekundu inayochechemea imo kwenye saba. Nikamwambia sijui, sijaangalia.

Basi nimeingia ndani, nimewasha laptop, feni inavuma, nimejaza banda majani mpaka mstari umekuwa wa kijani. Plasta nimeitupa. Nimewasubiri jioni yao ifike waanze kuingia bandani, nikawahesabu kwa kidole juu ya kioo, mmoja mmoja, kwa sauti.

Imo. Ni ya mwisho, mguu wa nyuma unaruka hatua.

Laptop naibeba. Jicho la baba limeshafunguliwa, na kesho ataiona kwa macho mawili.