Maziwa ya Mchele

4 Machi

Mwanangu,

U hali gani huko? Sisi wazima, ila magoti yananisumbua nikichuchumaa kukamua. Picha uliyotuma nimeiona. Mashavu yameenda wapi? Kama figo zinakusumbua, mwili unataka nguvu. Kunywa maziwa asubuhi na jioni, hata ya dukani si mabaya.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na magoti. Mimi naendelea, ila kupiga pasi mashuka ya hoteli kunanimaliza. Mama, maziwa ya ng'ombe nimekatazwa. Yana fosfati nyingi, aina ya madini, na figo zangu haziwezi tena kuitoa. Inabaki kwenye damu, ngozi inawasha, mifupa inalika. Nikanunua ya soya, nikajiona mjanja. Mtaalamu wa lishe akageuza pakiti, akaweka kidole kwenye maandishi madogo. "Hapa wameongeza fosfati. Ni yale yale, yamebadilisha shati tu." Akasema mimi yananifaa ya mchele, mradi yasiwe yameongezewa kitu. Chai yake ni kama imetiwa maji ya kuoshea sufuria, lakini nakunywa.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nimepata, nami sijambo. Kwa hiyo maziwa yangu yamekuwa sumu. Haya. Ng'ombe hawa ndio waliokusomesha, leo msoma pakiti anakujua kuliko mimi. Sina la kuongeza.

Mama

27 Mei

Mwanangu,

Umeamkaje? Uliponyamaza, nami kwa kiburi nikanyamaza. Juzi nikapiga simu hotelini kwenu, akapokea mwenzako wa kazini. Akadhani najua. Kasema uko hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu, kama kawaida, na ukitoka ngazi zinakushinda, yeye ndiye anakushika mkono. Kama kawaida! Nilikaa jikoni mpaka moto ukazimika.

Leo nimeloweka mchele, nikausaga, nikauchuja kwa kitambaa changu cha maziwa. Mdogo wako kaonja, akasema, "Mama siku hizi unakamua gunia." Nikacheka, halafu nikalia. Humo hakuna aliyeongeza kitu. Muulize mtaalamu wako kama yanafaa. Ng'ombe nitamwachia mdogo wako, nije nikutengenezee mwenyewe. Ukiniambia nisije, sitakasirika.

Mama yako

3 Juni

Shikamoo Mama,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Nilianza kukuandikia usije. Chumba ni kidogo, ngazi nyingi, na siku ya mashine mimi si mtu wa kuzungumza naye. Barua hiyo nimeichana.

Mtaalamu amesema yanafaa, ila nusu kikombe, maana hata maji napimiwa. Sikukwambia habari ya mashine kwa sababu ungelia, na mimi sikuwa na nguvu za kukubembeleza. Sina hata sasa.

Nimechoka, Mama. Njoo.

Mwanao