Uso wa Kaka Yangu Hauendi Washington

Inalåhan, Guam

Kwako Kiko, mtoto wa kaka yangu,

Upepo umeng'oa bati la jikoni. Jogoo uliyeniachia nimemchinja, nikamla kwa ndimu na nazi.

Barua yako nimeisoma. Eti bunge la Washington linataka sanamu ya shaba ya askari wa Guam, nawe umeshatia sahihi watumie uso wa baba yako. Sisi hata kukojoa msituni tunawaomba wahenga ruhusa kwanza. Wewe hukuniomba hata mimi, niliyelipokea jeneza lake kutoka Vietnam.

"Shangazi, ni heshima kwetu." Heshima gani? Rais aliyempeleka kufa, kaka yangu, kama sisi sote wa kisiwa hiki kilicho chini ya Marekani, hakuwa na haki ya kumpigia kura. Mpaka leo mjumbe wetu anakaa bungeni humo, na sheria zikipitishwa kura hana. Shaba nayo haiinui mkono, ndiyo maana wanaifungulia mlango.

Picha yake unayoitaka ninayo. Njoo makaburini, upige magoti, umwombe mwenyewe. Nitakuwepo nisikie utakavyojieleza.

Ni mimi shangazi yako, ninayetia sahihi kwa ajili yangu tu,

Rosalia Naputi