Nusu Pishi Iliyotoka Sufuri

Dada Zena, shikamoo. Nakuandikia kutoka Ganze, tunakogawa mahindi ya msaada kwa kuwa jua limekausha hata visima. Ile programu ya Mjomba Athmani, inayogeuza maagizo yetu kuwa lugha ya kompyuta, haikutambua nusu wala robo. Kila mtoto alistahili nusu pishi ya mahindi, lakini orodha ya mgao ikatoka sufuri, na karani akaifuata.

"Mashine yenu yasema wanangu hawali?" mama mmoja akaniuliza.

Mimi ndiye niliyeijaribu programu, kwa namba nzima tu. Mjomba ameshairekebisha, ila lori limeondoka na mahindi yaliyobaki, litarudi Alhamisi. Leo Jumatatu.

Wapakulie wanao washibe, dada. Nawapenda nyote.

Nduguyo, Salim