Jani la Mpera Katika Bilauri

Baba,

Shikamoo. Wafu husalimiwa makaburini, lakini kaburi lako silijui lilipo, basi nakusalimu hapa darasani, kwenye meza uliyokuwa ukifundishia. Siku hizi nafundisha mimi.

Habari zako alituletea mtu aliyefungwa pamoja nawe. Alisema uliugua humo ndani, ukafa, wakakutoa. Wapi walikuzika, hajui. Hata kahawa tuliyomwekea hakuinywa. Mama hakupiga kelele. Alikaa eda, na alipotoka alisema neno moja tu: "Hata pa kumwekea tawi hatuna." Wewe kila Ijumaa ulikuwa ukimpelekea bibi tawi bichi kaburini, ukisema jani maadamu bichi linamsabihi Mungu, na maiti hupata nafuu.

Wiki iliyopita nilifundisha lile somo lako, jani linavyopumua. Nilichuma jani la mpera, nikalizamisha kwenye bilauri ya maji, nikaiweka dirishani, juani. Tukangoja. Hakuna kitu. Watoto wakaanza kuchekacheka, nami nikaona kama umekufa mara ya pili. Kumbe maji nilikuwa nimeyatoa kwenye birika la walimu. Nikakusikia kabisa: "Ah, we mtoto! Maji ya kuchemsha yashatoka hewa hayo. Nenda kisimani."

Nikaenda. Safari hii vipovu vilitokea chini ya jani, vidogo kama vichwa vya pini, kisha kimoja kikang'oka, kikapanda juu. Watoto wakapiga makofi. Mimi niliwageuzia mgongo nikafuta ubao usioandikwa kitu.

Nina hasira, Baba, sikufichi. Mmoja wa wale waliokuja kukuchukua, mwanawe namsomesha. Ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa, na hilo nalo linaniuma.

Ile bilauri niliipeleka nyumbani. Mama aliitazama, akaipeleka dirishani chumbani kwenu, na tangu siku hiyo kila asubuhi huisogeza lilipo jua.

Mungu akupe kauli thabiti. Kila Ijumaa nitakubadilishia jani, niwe mzima au mgonjwa. Popote walipokulaza, lihesabu ni lako.

Kwaheri, Baba. Maji nitateka kisimani.

Mwanao,
Salma