Nyumba ya Ishirini na Tatu

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ututoke. Kamba yako ya kuanikia bado ipo, na bado hakuna kati yetu anayeweza kukunja shuka peke yake bila kuburuza pindo chini.

Watu walikuita Mama Shuka. Ulikuwa dobi wa vijumba vya mbao vilivyokuwa ufukweni, vile ambavyo mafundi wa reli na makarani walijijengea ili wapumzike wikiendi, wakanogewa, wakahamia moja kwa moja. Namba za nyumba hukuzijali. Uliwajua watu kwa shuka zao. Kwa mwalimu, mistari ya buluu. Kwa nesi, nyeupe zilizotiwa wanga. Kwa wale maharusi, shuka moja tu, "na hiyo yenyewe haipumziki," ulikuwa ukisema, huku umeshika mbavu kwa kucheka.

Vijumba vilibomolewa kupisha barabara, tukahamia ghorofani, wewe na pasi yako ya mkaa. Mwaka juzi manispaa ilitaka kuweka kibao cha kuorodhesha nyumba zote zilizokuwa pale, ikaomba wakazi wa zamani wasaidie kuhesabu. Daftari lao lilisema ishirini na mbili. Wewe ukasema ishirini na tatu.

"Kulikuwa na moja nyuma ya tangi la maji," ulisisitiza. "Bahari iliichukua kabla hamjazaliwa, na kabla ya hilo daftari lao."

"Haya, shuka zao zilikuwaje?" akauliza kaka mkubwa, mpima ardhi wetu.

"Hawakuwa na shuka."

Tuliangua kicheko. Kaka akasema, "Mama, sasa umeanza kuchanganya mambo," akaandika ishirini na mbili kwenye fomu ya manispaa. Ukanyamaza. Wewe, uliyekuwa ukibishana hata na redio! Hukulitaja tena mpaka unafariki.

Miezi mitatu iliyopita kibao kilizinduliwa. Mzee mmoja, fundi rangi, alikisoma mara mbili, kisha akauliza mbona nyumba yao ya nyuma ya tangi haimo. Alituambia kwamba walilalia magunia, mpaka dobi alipoanza kuwaletea shuka safi kila Ijumaa, akidai eti wenyewe wamezisahau.

"Yule mama yuko wapi? Nimekuja nimshukuru."

Kaka alikaa mchangani na suruali yake ya sherehe, akalia kwa kwikwi.

Hukuchanganya chochote, Mama. Sisi ndio tuliokuwa hatujui. Wiki iliyopita kibao kilisimikwa upya, na nyumba zote ishirini na tatu zimo.

Tunaokukumbuka ni kaka mkubwa, aliyekwenda kukisimika mwenyewe, dada mshonaji, mimi kitindamimba wako, ninayeandika haya, wajukuu wako saba, na shoga yako nesi, ambaye hadi leo anatukosoa wanga.

Tutakukumbuka siku zote. Tusamehe kile kicheko, Mama.