Hakuna Ofisi Inayokutafuta, Majok

Shemeji Majok,

Nakuita shemeji ingawa hatujafika siku ya kuitana hivyo. Simu zangu hushiki, wala za mdogo wangu Akiru, kwa hiyo naandika hapa hadharani. Huenda anayekujua akasoma, akakufikishia.

Unakumbuka Jumapili ya kwanza ulipokuja kwetu Lodwar? Mama alichemsha samaki wa Kalokol, ukamla mpaka kichwa, ukafyonza na macho, mama akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya shuka. Kisha akakuambia bila kuzunguka, "Kijana, hapa kwetu msichana haendi hivi hivi. Lazima tutauliza wewe kwa watu."

Ukasema, "Uliza tu, mama. Mimi iko kambi ya Kakuma, watu yote anajua mimi."

Nilikupenda kwa jibu hilo.

Kazi ya kukuulizia nilipewa mimi, mkubwa. Kwetu kuuliziwa ni heshima. Anayetumwa hukaa na majirani wa kijana, hunywa chai yao, husema wazi ametoka nyumba ya nani, nao hufurahi kwa sababu harusi inanukia. Mimi sikukaa. Nilishuka kwenye gari la ofisi ninakofanya kazi, kitambulisho cha kazi kikining'inia kifuani, nikamwendea yule mama Mkongo anayeuza maandazi mkabala na kibanda chako cha kuchaji simu. Nikamuuliza ulifika lini, ulitokea wapi, unatembea na nani.

"Ni mutu muzuri," akasema. Halafu akanitazama kifuani. "Kwani amefanya nini, mama?"

Hapo ningesema, anataka kumwoa mdogo wangu. Niliona haya, Majok. Niliona haya kumwambia muuza maandazi kwamba mdogo wangu anaolewa na mkimbizi.

Nikajibu, "Hakuna. Nauliza tu."

Wewe unajua kuliko mimi jinsi kambi inavyomsikia mtu wa ofisi anayeuliza tu. Mara ya mwisho mlipoongea, ulimwambia Akiru kwamba kuna mwanamke wa ofisi anakuchunguza, kwamba watu wamekuja kuchukua simu zao kibandani hata kabla hazijajaa, na wengine salamu hawaitikii. Ulisema unaondoka kabla hujakamatwa. Hukumwambia unakwenda wapi.

Mwanamke huyo ni mimi. Hakuna mwingine.

Nilirudi Kakuma juzi, safari hii bila gari na bila kitambulisho, nikamweleza yule mama ukweli wote. Nilingoja anitukane. Alisema tu, "Ungesema ni harusi, tungekuimbia." Nililia mbele ya maandazi yake kama mtoto, na aibu ile bado ninayo ninapoandika.

Akiru hanisemeshi. Anachunga tu simu yake isizime.

Rudi, Majok. Nilikuulizia, na kila jibu nililopewa lilikuwa zuri. Sasa ni zamu yako. Ukifika Lodwar, usianzie kwetu. Kaa na majirani zetu, unywe chai yao, uwaulize sisi ni watu gani. Watakuambia mama ni mwema na Akiru anakungoja. Kuhusu dada mkubwa, nimeshapita kila mlango kuwaomba wasikufiche nilichokufanyia.

Ni mimi,
dada yake Akiru